Siku Nzima Bwawani Ndani ya Mbuga ya Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kukaa na Kutazama

Mwananairobi akiingia mbugani, swali lake la kwanza huwa ni moja: simba wako wapi leo? Gari linazungushwa tangu alfajiri, vumbi linatimka, madereva wanapigiana simu, na ikifika saa sita mchana watoto wamelala kwenye viti na simba mwenyewe ameonekana masikio tu katikati ya nyasi. Nilifanya hivyo miaka mingi. Siku hizi naenda bwawani. Nachagua bwawa moja, nazima injini, nakaa. Kwa kukaa nimeona mengi kuliko yote niliyoyaona kwa kuzunguka, na mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kujaribu njia hiyo, awe na gari lake au hana.

Kwanza, ujue unachokwenda kutazama

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya, na ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba. Pande tatu zina ua. Upande wa kusini hauna. Mpaka wake ni mto Mbagathi, ambao ukiendelea mbele unaitwa Athi. Huo ndio mto usiokauka. Vijito vingine vinavyokatiza mbuga hujaa mvua ikinyesha na baada ya wiki chache za jua hubaki mchanga na madimbwi.

Ndiyo maana mabwawa yalijengwa. Unakinga kijito kwa ukuta wa udongo, unaacha njia pembeni ya maji ya ziada ili ukuta usibomoke, na mvua inafanya kazi iliyobaki. Ni kanuni ile ile ya silanga, yaani bwawa dogo la mifugo, anayochimba mfugaji wa Ukambani au Kajiado. Kazi yake ni kuwapa wanyama maji wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho kinachowaleta: mvua ikinyesha, pundamilia na nyumbu hutawanyika kuelekea tambarare za Kitengela na Kaputiei kufuata majani mafupi, jua likikaza, hurudi penye maji. Mashamba, nyumba na ua huko kusini vimeibana sana njia hiyo, kwa hiyo kila kundi unaloliona likishuka kunywa lina thamani kuliko zamani.

Niseme na jambo moja linaloniuma. Jiji hili lilikuwa na bwawa jingine la kustarehe, Nairobi Dam pale Lang'ata, lililojengwa mwaka 1953. Watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale na kuvua samaki. Leo ukisimama upande wa mtaa wa Silanga, Kibera, unaona tope, gugu maji na taka. Bwawa halijilindi. Ukikaa kwenye mabwawa ya mbugani utaelewa tulichopoteza kule.

Kuchagua msimu na siku

Ukitaka wanyama wengi kwenye maji, nenda Januari na Februari, au kuanzia Julai hadi mvua za vuli zianze. Ukitaka ndege, ongeza miezi ya Novemba hadi Aprili, maana wakati huo ndege wa Ulaya na Asia wanaokimbia baridi ya kwao wanakuwa huku. Februari ndiyo mwezi wangu: maji yamepungua, kingo za tope zimefunuka, ndege wageni hawajaondoka, na wanyama hawana pengine pa kwenda.

Masika, yaani Machi hadi Mei, mbuga ni kijani na inapendeza macho, lakini barabara ni udongo mweusi unaonata. Aprili moja nililazimisha gari dogo kupita mahali ambapo macho yangu yalikuwa yameshaniambia hapapitiki. Magurudumu yalizunguka pale pale, nikakaa ndani zaidi ya saa mbili, kwa sababu hapo hushuki kwenda kutafuta mawe, mpaka lilipopita gari la askari wa wanyamapori wakanivuta kwa kamba. Kama gari lako si la magurudumu manne yenye nguvu, subiri siku mbili tatu kavu baada ya mvua kubwa.

Siku ya kazi ni bora kuliko Jumamosi. Kama huna budi kwenda wikendi, fika mapema.

Malipo na usafiri

Langoni hawapokei pesa taslimu. Unalipa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, kabla ya kuingia, na ada ya gari ni tofauti na ya watu. Bei zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usibebe ile uliyoambiwa na rafiki mwaka juzi. Fungua mtandao usiku wa kuamkia safari, ulipe, uhifadhi risiti kwenye simu. Mkenya abebe kitambulisho, maana bila hicho utahesabiwa kwa bei ya mgeni.

Asiye na gari asikate tamaa. Matatu za Rongai, namba 125 na 126, hupita barabara ya Lang'ata na zinakushusha karibu na lango kuu. Tatizo ni hapo mbele: hairuhusiwi kutembea kwa miguu, na bodaboda haiingii. Njia mbili ninazozijua ni hizi. Shirika la wanyamapori limekuwa na basi la kuzungusha watu wikendi kutoka lango kuu, ila basi lina ratiba yake na haliwezi kukukalisha bwawani asubuhi nzima. Ya pili, ambayo naipenda, ni kuchanga: tafuteni watu sita au saba, mkodi gari la watalii lile lenye paa la kufunguka, mgawane. Hapo lazima mpatane na dereva kabla ya kuondoka. Mwambie wazi, "Hatutafuti simba, tunataka kukaa bwawani mpaka saa tano." Usipomwambia, atazunguka, kwa sababu ndivyo wateja wote wanavyomtaka afanye.

Cha kubeba

Darubini. Hata ya bei nafuu, hata ya kuazima; bila darubini bwawa ni maji tu yenye vitu vyeusi. Kofia na sweta pia, maana saa kumi na mbili asubuhi Nairobi ina baridi na saa tano jua linachoma kupitia kioo. Daftari na kalamu, na kwa watoto penseli za rangi, kwa sababu mtoto anayechora ndege anakaa muda mrefu kuliko mtoto anayeambiwa akae.

Maji beba kwenye chupa ya chuma au flaski. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja, sahani, vikombe na mirija ya namna hiyo vimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi zote, na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Chapati zifunge kwa kitambaa, mayai na viazi weka kwenye bakuli lenye kifuniko.

Kuingia, na kuchagua bwawa lako

Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kuwa pale likifunguliwa. Nenda msalani hapo hapo, maana ndani vyoo vipo kwenye maeneo ya kupumzikia tu, na hakuna kinachoharibu kikao cha bwawani kama mtu mmoja garini aliyebanwa.

Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Mimi huenda nusu ya hapo. Njia panda zina namba, kwa hiyo pata ramani langoni au ipige picha kwenye simu, na ukipotea soma namba.

Mabwawa yapo kadhaa. Kwa mara ya kwanza nakushauri Hyena Dam. Linafikika upesi kutoka lango kuu, ni dogo, lina matete, na ndege hawako mbali na barabara. Athi Basin Dam, upande wa mashariki, ndilo kubwa: maji mapana, tambarare wazi, upepo. Hilo ni la anayetaka kuona makundi yakishuka kunywa, na ni la darubini nzuri, kwa sababu wanyama wanaweza kuwa ng'ambo ya pili. Upande wa magharibi kuna Nagolomon, la kuendea siku ambayo Hyena Dam kuna msururu wa magari. Usijaribu yote siku moja. Hapo utakuwa umerudi kwenye kuzunguka.

Ukifika, usisimame pale ulipoyaona maji kwanza. Tazama jua liko wapi. Asubuhi liache nyuma yako, yaani simama upande wa mashariki ukitazama magharibi, la sivyo kila ndege atakuwa kivuli cheusi. Kisha tazama tope la ukingoni: penye kwato nyingi zilizokanyaga ndipo penye njia ya kunywea. Egesha mbali kidogo na njia hiyo, pembeni, usiizibe. Magari ya wengine yaweze kupita. Zima injini, zima redio, fungua vioo nusu.

Usishuke. Hili halina mjadala. Matete yanayokupendeza ndiyo anayolalia simba, na ukingo ule ni wa mamba na kiboko.

Kukaa

Dakika ishirini za kwanza hutaona kitu, na hapo ndipo wengi huwasha gari. Mzee mmoja, dereva wa watalii wa siku nyingi, alinikuta nikijiandaa kuondoka hivyo. Alisogeza gari lake kando ya langu akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hawajakuzoea. Waache wakuzoee kwanza." Nikamuuliza wako wapi. Akanyoosha kidevu kuelekea mawe matatu yaliyokuwa katikati ya maji, mawe niliyokuwa nikiyatazama tangu nifike. Jiwe moja likapuliza pumzi.

Tangu siku hiyo naanza na mawe. Kiboko akikaa juu ya maji unaona masikio, macho na pua tu, vyote vikiwa kwenye mstari mmoja. Hesabu polepole: mkubwa anaweza kuzama dakika tano hivi kabla ya kuja kuvuta pumzi, na masikio yake huzunguka haraka anapoibuka, yakirusha matone. Akipanua kinywa hadi uone meno yote, si usingizi. Anamwonya mwenzake, na pengine anakuonya wewe.

Kisha magogo. Gogo lenye kinywa wazi ni mamba anayejipoza.

Baada ya hapo, macho yaende kwa ndege, na hapa usiwe na haraka. Mti mkavu uliosimama majini karibu kila mara una mnandi, mweusi, au mbizi mwenye shingo ndefu kama kamba, mbawa zimetandazwa kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Manyoya yao yanalowa, hayazuii maji kama ya bata, na kulowa huko ndiko kunakowawezesha kuzama kufuata samaki. Wakitoka inabidi waanike. Mbizi akiogelea mwili wote uko chini, shingo tu ndiyo iliyo juu, na mtoto yeyote atakuambia ni nyoka.

Ukibahatika utaona korongo mrefu mweusi na mweupe mwenye domo jekundu lenye mkanda mweusi, na juu ya domo kitu cha njano kama tandiko la farasi. Mara nyingi huwa wawili. Elekeza darubini kwenye jicho: la jike ni la njano, la dume ni jeusi, na dume ana vindundu viwili vidogo vya njano chini ya domo. Mara ya kwanza nilipogundua hilo nilikaa nusu saa nzima nikiwatazama wakivua, dume huku, jike kule, wakichovya domo kwenye maji yasiyoonekana ndani na kulifunga pale linapogusa kitu. Samaki aliyepatikana alioshwa kwanza, tope likatoka, ndipo akamezwa kichwa mbele.

Kwarara mweupe mwenye kichwa cheusi anachokonoa tope. Domomwiko anafagia maji kushoto na kulia. Fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anaburura miguu kwenye maji ya kina kifupi ili kuwashtua vyura. Tafuta kiota chake kwenye mgunga ulio karibu, fungu la vijiti kubwa kiasi cha kumtosha mtoto kukalia. Korongo taji, mwenye kishungi cha dhahabu, huja wawili wawili penye nyasi fupi. Huyo mtazame kwa heshima zaidi, maana anapungua kila vinamasi vinapokaushwa, na hujenga kiota humo humo kwenye majani ya majini. Na ukisikia mlio mkali unaopanda na kushuka, inua macho: ni furukombe, tai wa samaki, kichwa cheupe.

Wanyama wa nchi kavu huja kadiri jua linavyopanda. Pundamilia hawaji tu. Mmoja anatangulia, anasimama, anarudi hatua tano, anasimama tena. Nyuma yake mstari mzima umesimama ukimngoja. Kinachowazuia ni mamba na matete. Hapo ndipo usiguse ufunguo, usifungue pakiti ya karanga, usinyanyuke. Wa kwanza akishusha shingo, wengine wanajipanga kushoto na kulia, na hawanywi wote kwa pamoja: vichwa vinapanda na kushuka kwa zamu. Kitu kidogo kikishtua, wote wanageuka kwa pamoja na tope linaruka. Kongoni yeye utamwona amesimama juu ya kichuguu, mlinzi wa wenzake. Wote wakitazama upande mmoja bila kula wala kunywa, na wewe tazama upande huo. Hivyo ndivyo nimewaona simba mara nyingi bila kuwatafuta.

Tembo usiwangoje. Hawamo katika mbuga hii. Faru wapo, mweusi na mweupe, na kiangazi huja kunywa asubuhi mapema au jioni.

Watoto wape kazi. Mmoja ahesabu pumzi za kiboko, mwingine aandike ndege waliotua kwenye mti mmoja. Wangu walikaa saa mbili na nusu hivyo, na ndio walioniomba tusiondoke.

Chakula cha mchana

Ikifika saa tano joto linapanda, maji yanametameta, picha zinaharibika. Ondoka uende mahali pa kupumzikia panaporuhusiwa kushuka. Kilima cha Impala kina mandhari mapana ya mbuga yote. Kingfisher kuna kivuli. Nyani na tumbili wa huko wanajua sauti ya kifuniko cha bakuli. Mtu mmoja abaki amesimama, vioo vya gari vifungwe, usimpe hata ganda la ndizi, kwa sababu anayelishwa leo atamvamia mtoto wa mwingine kesho.

Ukipita mahali pembe za ndovu zilipochomwa, simama dakika chache. Rais Moi alizichoma tani 12 mwaka 1989, na mwaka 2016 zikateketezwa tani 105. Majivu yapo hapo hapo.

Mchana: Hippo Pool

Saa za joto zinafaa kwa Hippo Pool, kusini, ukingoni mwa mto Athi. Hapa unashuka na kutembea chini ya miti mirefu ya mgunga wa njano, ukisindikizwa na askari mwenye bunduki. Fuata anachosema, tembeeni pamoja, msiongee kwa sauti. Baada ya asubuhi nzima garini miguu itashukuru, na utaona tofauti ya mto na bwawa: huku maji yanakwenda, miti imefunga anga, na jiji halionekani. Huwa nampa askari muda azungumze. Anajua kiboko yupi amehama na lini.

Kurudi bwawani jioni

Saa tisa na nusu rudi kwenye bwawa lile lile la asubuhi, lakini upande wa pili, ili jua liwe tena nyuma yako. Mwanga umelainika. Kutoka Athi Basin utaona majengo ya jiji kwa mbali na treni ikipita juu ya lile daraja refu la reli, zaidi ya kilomita sita, linalokatiza mbuga tangu treni za kwenda Suswa zianze mwaka 2019. Twiga hawaligeukii tena. Mimi bado naligeukia, kila mara.

Piga hesabu ya kutoka. Ukiwa mashariki na ulipitia lango kuu, washa gari saa kumi na moja kamili, kwa sababu utakutana na wanyama barabarani na huwezi kuwafukuza kwa honi. Kabla ya kuondoka fanya jambo moja: chagua alama kando ya maji, jiwe au kigogo, uandike daftarini maji yako umbali gani nayo, na tarehe. Ukirudi msimu mwingine utalisoma bwawa kama mtu unayemfahamu. Alama yangu ni kigogo kimoja pale Hyena Dam. Februari kilikuwa nchi kavu kabisa, maji yako chini yake kama urefu wa magari matatu, na ngiri alikuwa akijikuna mgongo juu yake. Nilipokwenda Juni ilikuwa imebaki ncha tu juu ya maji, na mbizi ameikalia, ameanika mbawa.